Raynaud, tabibu aliyehesabu vidole vilivyokufa ganzi

Kuna watu majina yao yamebaki duniani kwa sababu ya maradhi waliyoyaeleza kabla ya wengine. Parkinson ni mmoja wao, Alzheimer ni mwingine. Leo namzungumzia wa tatu, ambaye jina lake huandikwa kwenye faili za wagonjwa kote ulimwenguni, na hapa kwetu Pwani pia, ingawa wengi wanaotoka kliniki na jina hilo kwenye karatasi hawajui kama lilikuwa la mtu. Huyo ni Maurice Raynaud, Mfaransa, na jina lake husomwa Reno.

Maradhi yenyewe ni ya vidole. Mtu hushika kitu cha baridi, ama huingia mahali penye baridi, ama hushtuka tu au kupata wasiwasi, mara kidole kimoja au viwili humtoka damu yote. Huwa vyeupe kama nta, havina hisia, ukivichoma sindano havijui. Baadaye hugeuka rangi ya buluu iliyoiva, kisha damu hurudi kwa fujo, vikawa vyekundu, vikawaka moto na kuuma. Dakika kumi, ishirini, pengine saa nzima, halafu yote huisha. Mkono hubaki kama mikono ya watu wengine. Na hapo ndipo penye mtihani wa maradhi haya, tangu siku za Raynaud hadi leo: mgonjwa anapofika mbele ya daktari, ugonjwa umeshaondoka.

Raynaud alizaliwa Paris tarehe 10 Agosti 1834. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, kwa hivyo nyumba ilikuwa ya vitabu. Lakini aliyemshika mkono akamtia katika udaktari ni mjomba wake, Maxime Vernois, tabibu mashuhuri wa mji huo aliyeshughulika sana na afya ya wafanyakazi. Nimemtaja mjomba kwa sababu. Mwaka 1862 Vernois alichapisha utafiti mrefu juu ya mikono ya mafundi na vibarua: namna kazi inavyoiacha alama mikono ya mtu, sugu zilipo, ngozi ilivyobadilika, hata daktari akaweza kuutazama mkono akajua mwenyewe hufanya kazi gani. Na mwaka huo huo wa 1862 kijana wake akatoa tasnifu ya udaktari juu ya vidole. Sisi tungesema damu nzito kuliko maji. Mjomba alisoma mikono kwa alama zilizobaki. Mpwa akajitwika lile gumu zaidi, kusoma mikono isiyobakisha alama.

Paris ya wakati ule ilikuwa ndiyo mahali pa kujifunzia udaktari. Hospitali zake zilijaa maskini, na madaktari wake walikuwa wamepata ada ya kutazama wagonjwa wengi kisha kulinganisha. Miaka ya 1830 tabibu Pierre Louis alifanya jambo ambalo leo laonekana la kawaida kabisa lakini siku zile liliwaudhi wakubwa: aliwahesabu wagonjwa wa nimonia waliotolewa damu, mapema na kwa kuchelewa, akaangalia nani alipona na nani alikufa. Hesabu ilionyesha kuwa kutoa damu hakukuwa na faida kubwa kama walivyoamini. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1850 Claude Bernard alikata neva kwenye shingo ya sungura, na sikio la upande ule likapata joto na kuwa jekundu. Ikajulikana kuwa mishipa ya damu hutanuka na kujibana kwa amri ya neva. Raynaud alikulia katikati ya mambo haya mawili, hesabu ya wagonjwa kwa upande mmoja na neva za mishipa kwa upande wa pili, na tasnifu yake imeyashika yote mawili.

Ndani ya tasnifu hiyo aliwakusanya wagonjwa 25. Wengine aliwaona mwenyewe, wengine aliwatoa katika maandishi ya matabibu wenziwe. Wengi wao walikuwa wanawake. Aliandika habari za kila mmoja kwa utulivu wa mtu asiye na haraka: umri, hali ya maisha, vidole vipi, rangi gani ilitangulia na ipi ikafuata, kilichoamsha shambulio, muda liliochukua. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke kijana ambaye vidole vyake vilikuwa vikifa ganzi kwa baridi kidogo tu, hata majira ya joto. Wapo wa kundi jingine ambao ncha za vidole ziliishia kuwa nyeusi na kufa kabisa, mikono yote miwili kwa pamoja, na hilo la pande zote mbili ndilo lililomshangaza. Mshipa ukizibwa na donge la damu, huzibwa upande mmoja. Mbona hapa ni mikono yote miwili? Na mbona mapigo ya kiwiko cha mkono bado yapo? Akakata shauri kwamba mishipa haikuziba, imejibana, na amri ya kujibana yatoka katika uti wa mgongo uliokuwa mwepesi mno wa kushtuka.

Kwenye sababu alikosea kwa sehemu kubwa, kama tutakavyoona. Kwenye maelezo hakuna aliyemshinda.

Lakini mimi lililonivutia katika maisha ya mtu huyu si hekima ya neva. Ni kwamba aliwaamini waliomsimulia. Fikiria zama zile. Mwanamke anakuja kwa daktari na mkono mzima, mwekundu wa afya, anasema asubuhi vidole vilikuwa vyeupe kama vya maiti. Kipimajoto kilikuwa bado hakijawa kifaa cha kila siku wodini, kamera ilikuwa chombo cha studio, na mwanamke mwenye maumivu yasiyoonekana alikuwa na jina lake tayari katika vitabu vya madaktari: mwenye wahka. Raynaud angeweza kuandika neno hilo moja akamruhusu aende zake. Badala yake aliuliza maswali, akayaandika majibu, na alipopata nafasi ya kuliona shambulio kwa macho yake alikuta ni vile vile alivyoambiwa. Tasnifu nzima imesimama juu ya ushahidi wa wagonjwa.

Baada ya hapo alifanya kazi katika hospitali kadhaa za Paris, zikiwemo Lariboisière na Charité, na alisifika kwa ufundishaji. Hakufika juu kabisa katika vyeo vya hospitali. Mwaka 1871 alipata nishani ya heshima ya taifa lake, na 1879 akachaguliwa kuingia Akademia ya Tiba. Kilichokuwa moyoni mwake ni kiti cha kufundisha historia ya tiba katika chuo kikuu cha Paris, na hicho hakukipata. Alikuwa mtu wa maandiko. Mwaka ule ule aliotoa tasnifu ya vidole alichapisha kitabu kizima juu ya matabibu wa zama za Molière, yule mtunzi wa michezo ya kuigiza wa karne ya 17 aliyewacheka madaktari hadi wakawa kichekesho cha mji. Madaktari wa Molière walivaa majoho, walitaja Kilatini, walitoa damu na kupiga mabomba ya kuendesha, na mgonjwa akifa walibishana kama alikufa kwa mujibu wa kanuni. Hawakuwa na njia ya kujua kama tiba yao imefaa, na hawakuitafuta. Raynaud aliyasoma hayo kwa undani, na nadhani hayakumtoka kichwani.

Kwani yeye mwenyewe alikuja kujikuta mbele ya swali hilo hilo. Mwaka 1874 alitoa utafiti wa pili juu ya maradhi yake. Safari hii alikuwa na mambo mawili mapya. La kwanza lanipendeza sana. Alikuwa na mgonjwa ambaye macho yake yalikuwa yakififia kwa vipindi vilivyoandamana na mashambulio ya vidole. Raynaud akachukua kile chombo cha kutazamia ndani ya jicho, kilichobuniwa na Helmholtz Ujerumani yapata miaka ishirini na kitu kabla, akachungulia hadi nyuma ya jicho, mahali ambapo mishipa ya damu yaonekana wazi bila kupasua. Akaiona mishipa ya retina imejibana. Alikuwa ametafuta dirisha la kuingilia ndani ya ugonjwa unaojificha, na amelipata.

La pili lilikuwa tiba. Aliwatia wagonjwa umeme mdogo wa mkondo mmoja kwenye uti wa mgongo, kwa kuwa aliamini shina liko huko, na aliripoti kuwa walipata nafuu. Hapa ndipo ningependa msomaji asimame nami kidogo. Nafuu hiyo ilipimwa kwa nini? Kwa rangi ya vidole na kwa maneno ya mgonjwa. Sasa mgonjwa wa maradhi haya akianza tiba wakati wa baridi kali, akamaliza majira ya joto yameingia, atapata nafuu hata ukimpa maji matupu. Na akiwa na imani na daktari wake, wasiwasi hupungua, na wasiwasi ni mmoja wa wanaoamsha shambulio. Je, ni umeme, ni jua, au ni imani? Raynaud hakuwa na kipimo cha kuvitenganisha hivi vitatu. Siku zile hakuna aliyekuwa nacho.

Kuna kisa kingine cha miaka yake ya mwisho ambacho hakihusu vidole lakini chaonyesha jinsi alivyokuwa akihangaika na ushahidi. Mwaka 1879 alitoa taarifa kwamba kichaa cha mbwa chaweza kutoka kwa binadamu kwenda kwa sungura kwa njia ya mate. Desemba 1880 mtoto wa miaka mitano alikufa kwa ugonjwa huo katika hospitali ya watoto mjini Paris, na Raynaud pamoja na daktari wa upasuaji Lannelongue wakawadunga sungura mate ya mtoto yule. Sungura wakafa upesi, nao wakasadiki kuwa wamekufa kwa kichaa cha mbwa. Louis Pasteur aliitwa, akachukua mate hayo hayo, akaona ndani yake kijidudu kidogo, akatia shaka: kifo hiki ni cha haraka mno. Baadaye kijidudu hicho kikapatikana hata katika mate ya watu wasiougua kichaa cha mbwa, na leo twajua ndicho kinacholeta nimonia. Sungura walikufa kweli, ila kwa jambo jingine. Hata hivyo kitanda cha mtoto yule ndipo Pasteur alipoanzia kazi yake ya kichaa cha mbwa, iliyozaa chanjo mwaka 1885, chanjo ambayo mpaka leo mtoto wetu akiumwa na mbwa twakimbilia hospitali kuiomba. Raynaud hakuiona. Alikuwa na maradhi ya moyo kwa miaka, na alifariki tarehe 29 Juni 1881, umri wake miaka 46.

Wakati huo alikuwa ameandaa hotuba kwa mkutano mkubwa wa kimataifa wa madaktari uliofanyika London mwezi wa Agosti mwaka huo. Ilisomwa na mwenzake, yeye yuko kaburini. Mada aliyoichagua ilikuwa shaka katika tiba, zamani na sasa.

Vidole vyake vilibaki na watu wengine. Mwaka 1888 Thomas Barlow aliitafsiri kazi yake kwa Kiingereza, na jina likaenea. Baadaye Jonathan Hutchinson, tabibu wa London, alisema wazi kwamba wagonjwa wale hawakuwa na ugonjwa mmoja: kubadilika rangi kwa vidole ni dalili inayoweza kuletwa na mambo mengi. Mwaka 1929 Thomas Lewis akaonyesha kwa majaribio kuwa hitilafu iko kwenye mishipa ya vidole yenyewe, si lazima itoke katika uti wa mgongo. Na mwaka 1932 Allen na Brown, Wamarekani, wakaweka masharti ya kutenganisha mwenye hali hii peke yake na mwenye hali hii ambayo nyuma yake kuna ugonjwa mwingine.

Mgawanyiko huo ndio roho ya habari. Watu wengi wenye hali ya Raynaud, hasa wasichana, hawana zaidi ya hiyo. Ni udhia, si hatari. Lakini wako wengine ambao vidole ni barua ya kwanza kutoka kwa ugonjwa mkubwa uitwao sklerosisi ya mwili, ama skleroderma. Kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia mwili wenyewe, ngozi hukaza na kuwa ngumu kama iliyovutwa, kuta za mishipa midogo huwa nene hadi njia ya damu ikawa nyembamba mno, na ugonjwa waweza kuingia kwenye umio, mapafu na figo. Zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi wa sklerosisi hii huwa na hali ya Raynaud, na mara nyingi yaanza yenyewe miaka kadhaa kabla ya ngozi kukaza. Kwao si suala la mshipa kujibana na kuachia tu. Mshipa umeshaharibika. Ndiyo maana hutoka vidonda kwenye ncha za vidole, vyenye maumivu makali na vinavyokataa kupona, na baadhi hupoteza ncha zenyewe, sawa na wale wa tasnifu ya 1862.

Dirisha alilolitafuta Raynaud machoni siku hizi lafunguliwa kwenye kucha. Daktari hutia tone la mafuta kwenye ngozi ya ukingo wa ukucha, akatazama kwa chombo cha kukuza. Mtu mzima wa afya, vishipa vyake vyaonekana vimejipanga kama meno ya kitana. Wa sklerosisi, vingine vimevimba, vingine vimepotea, pamebaki jangwa. Ukiongeza na kipimo cha damu cha kuangalia kingamwili, yawezekana kumjua atakayeugua kabla ugonjwa haujamla mapafu. Hili pekee lingetosha kumfanya daktari asimdharau mwanamke anayelalamika vidole.

Ila lile swali la umeme, la kujua kama tiba imefaa, halikwisha. Miaka mingi watafiti walijaribu kulijibu kwa mashine: kuzamisha mikono katika maji baridi na kupima joto linavyorudi, kupiga picha za joto, kumulika miale ya kupima mwendo wa damu. Mashine zilitoa namba nzuri, lakini namba hizo hazikuafikiana daima na maisha ya mgonjwa. Basi wakarudi pale alipoanzia Raynaud, kwenye kumuuliza mwenyewe. Mgonjwa hupewa daftari. Kila siku anaandika alipata mashambulio mangapi, kila moja dakika ngapi, kisha mwisho wa siku ajipe alama kutoka 0 hadi 10, namna hali hiyo ilivyomtaabisha siku hiyo: maumivu, ganzi, na mikono ilivyoshindwa kufanya kazi. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 281 wenye sklerosisi na hali ya Raynaud, ukaonyesha kuwa alama hiyo moja ya mgonjwa ni kipimo cha kutegemewa. Ni alama kutoka kinywani mwa mtu, nayo imeaminiwa kupimia dawa.

Hata hivyo daftari lina hila zake, na hapa watafiti wa sasa wametusaidia kuona mbali zaidi ya Raynaud. Tumchukue mama mpika maandazi mwenye ugonjwa huu, anayeamka alfajiri kukanda unga kwa maji ya baridi. Mashambulio yamemzidi, ameacha biashara, amekaa ndani, vyombo vyaoshwa na bintiye. Daftari lake mwezi huu lina mashambulio matatu badala ya thelathini. Kwa hesabu, amepona. Kwa haki, maisha yamemponyoka. Na yuko wa pili, ambaye ugonjwa wake umekomaa hadi vidole havina tena kipindi cha kuwa vyeupe na kipindi cha kurudi. Ni baridi na buluu mchana kutwa. Huyo ukimuuliza ni mashambulio mangapi atasema hakuna. Namba zikisomwa peke yake zitampita yeye na maumivu yake.

Ubaya wa kipimo kibovu hauishii kwa mtu mmoja. Dawa ikijaribiwa, nusu ya wagonjwa wakapewa dawa na nusu vidonge vitupu, wale wa vidonge vitupu nao hupata nafuu kwa sababu zile zile za hali ya hewa na matumaini. Kama kipimo ni hafifu, dawa nzuri yaweza kuonekana haina maana ikatupwa, na ya hovyo ikapita. Zinazotumika sasa ni zile za kutanua mishipa, kama nifedipini ambayo wengi waijua kwa shinikizo la damu, na kwa hali mbaya dawa za kudungwa mshipani hospitalini. Zasaidia, lakini si kwa wote na si kwa kiasi ambacho wagonjwa wangetaka. Kwa hiyo miaka ya karibuni watafiti wa Uingereza na Marekani wamekaa na wagonjwa kwa makundi, wakawasikiliza, na kutokana na maneno yao wakatunga maswali mapya: unaogopa nini ukitoka nyumbani, umeacha shughuli zipi, wahitaji msaada wa nani, waona aibu ya mikono yako? Kujikinga na baridi sasa ni sehemu ya kipimo.

Sisi wa Pwani twaweza kudhani baridi ni habari ya Wazungu. Mgonjwa wa kwanza wa Raynaud alishikwa wakati wa joto. Hapa kwetu kuna friji, kuna barafu ya samaki, kuna kiyoyozi cha benki, kuna basi la usiku la Nairobi, kuna upepo wa kusi alfajiri. Kuna pia maji ya udhu. Mwenye vidole hivi yapasa apashe maji moto, na ambaye maji yamdhuru hasa amuulize mwanachuoni wake juu ya tayamamu, kwa kuwa dini haikumwekea mtu uzito asioweza.

Jambo la mwisho ni rangi. Raynaud alieleza nyeupe, buluu na nyekundu kwa kutazama ngozi za Wafaransa. Juu ya ngozi yetu nyeusi weupe huo waweza usionekane kwa juu ya kidole. Tazama ncha, kiganja na chini ya ukucha. Daktari anayengoja kuona vidole vya kitabuni anaweza kumkosa mgonjwa wetu, na tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa watu weusi wenye sklerosisi huanza wakiwa na umri mdogo zaidi na huumia zaidi. Bahati ni kwamba simu zetu zina kamera. Vidole vikibadilika, piga picha hapo hapo, kwenye mwanga, kiganja kikiwa juu. Andika tarehe, saa, ulikuwa ukifanya nini, na ni kazi gani umeacha kuifanya kwa kuviogopa. Kama pia vidole vimevimba asubuhi, pete haivuki, ngozi yakaza, au kidonda cha ncha hakiponi, peleka picha na daftari hilo hospitalini, uombe kuonwa na daktari wa baridi yabisi.